Jirani Kabla ya Nyumba: Mawaidha kwa Mwenye Kuhamia Mji Mgeni

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa tandiko na nyumba kuwa mahali pa utulivu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeuacha mji aliozaliwa akaenda kukaa katika mji wa watu wengine, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake waliohama pamoja naye na waliompokea.

Ama baada ya hayo, jambo lililokusudiwa katika karatasi hizi ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku watu hulidharau. Nalo ni kuchagua mahali pa kukaa kwa mtu anayehama na mkewe na watoto wake.

Watu wa Upare hawakupanda milimani kwa kupenda baridi. Katika karne ya 19 njia za misafara zilizotoka Pangani na Tanga kwenda bara zilipita chini ya milima hiyo, na pamoja na nguo na shanga zilipita bunduki na minyororo. Nyanda za chini zilikuwa njia ya wateka ng'ombe na wateka watu. Basi mzee alichagua mgongo wa mlima, akajenga penye ndugu wa ukoo wake, akashirikiana nao kuchimba mfereji na kujenga ndiva ya kukinga maji ya usiku ili mashamba yanyweshwe mchana kwa zamu. Palipokuwa na kazi kubwa palipigwa msaragambo, wakatoka wote. Aliyekuwa mvivu alijulikana, na aliyekuwa mwizi wa maji alijulikana zaidi. Usangi ni hivyo, Ugweno ni hivyo, na Vudee na Chome na Mbaga na Gonja kadhalika. Kule mlimani jirani hakuchaguliwa; alirithiwa pamoja na shamba.

Nguvu ya ujirani huo ilionekana mwaka 1945, maelfu ya wanaume wa Upare walipoteremka wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Waliacha nyuma wake na watoto na mifugo. Mtu hawezi kulala uwanjani, mbali na mlango wake, ila awe na yakini na mlango wa pili.

Lakini reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, iliwafungulia watu njia ya kuteremka. Waliteremka kwa mashamba ya mkonge, kisha kwa maduka, kisha kwa kazi za serikali na shule, na hata leo wanateremka: huyu kwenda Same, huyu Moshi au Arusha, na huyu Tanga au Dar es Salaam. Na hapa ndipo ilipo hatari. Mtu wa mlimani ajua kuchagua ardhi ya mgomba na ardhi ya kahawa, na kwa kuutazama udongo akakwambia utatoa nini. Walakini kuchagua jirani hakufundishwa, maana baba yake hakuwa na haja ya kuchagua. Akifika mjini huuliza kodi ya nyumba ni kiasi gani, na umeme upo au haupo, na pa kazini ni mwendo wa dakika ngapi. Akijibiwa vizuri hutoa fedha ya miezi sita, akampigia mkewe simu aje. Aliye nyuma ya ukuta hakumuuliza, wala mlango unaotazamana na mlango wake hakuuliza ni wa nani, wala watoto wa mtaa ule wanashinda wapi baada ya shule.

Limeenea katika ndimi za Waislamu neno la Kiarabu lenye maana kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba, na mwenzi wa safari kabla ya njia. Wengi hulitaja kuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.). Wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, na yataka ukweli huo usemwe. Lakini maana yake haikudhoofika, kwani Kur'ani yenyewe inaitilia nguvu. Katika sura ya At-Tahrim imetajwa dua ya mke wa Firauni, mwanamke aliyekaa katika jumba kubwa kuliko majumba yote ya zama zake, na jumba hilo halikuwa na salama ndani yake. Alipoomba alimwomba Mola wake amjengee nyumba Peponi. Na katika mpango wa maneno yake alitanguliza kusema kuwa iwe karibu na Yeye, kisha ndipo akaitaja nyumba. Wanavyuoni wameizingatia tartibu hiyo wakasema: mwanamke huyu alichagua jirani kwanza.

Na watu wa kale walijua kuwa ujirani una thamani yake katika soko. Imesimuliwa kuwa Abu Jahm Al-Adawi aliiuza nyumba yake kwa dirhamu 100,000, na wanunuzi walipokubali akawauliza, na ujirani wa Said bin Al-As watamlipa kiasi gani? Wakastaajabu, wakasema haijapata kusikiwa kuwa ujirani unauzwa. Akawaambia wamrudishie nyumba yake, kwani hawezi kumwacha jirani ambaye akikaa kimya humuuliza hali yake, na akisafiri humlindia, na akimwomba humpa. Khabari ilipomfikia Said akampelekea fedha ile ile kamili, akabaki na nyumba yake. Dalali wa leo hutaja vyumba na choo na ukuta wa matofali. Hilo jingine halitaji, kwa hiyo mpangaji mwenyewe ndiye wa kuliuliza.

Katika visa vyote vya kuhama, hapana kilicho karibu na watu wa Same kuliko kisa cha Bi Hajar. Nabii Ibrahim alimwacha yeye na mtoto wake Ismail katika bonde lisilo na mimea, na dua aliyoomba kwa ajili ya mahali pale imehifadhiwa katika sura iliyoitwa kwa jina lake. Aliomba mji ule uwe na amani. Akataja kuwa amewaweka pale ili wasimamishe Sala. Kisha akaomba nyoyo za watu ziwaelekee, na baada ya yote hayo ndipo akaomba matunda. Matunda ni riziki, nayo ni haki ya kuombwa. Lakini aliyaweka nyuma ya amani, nyuma ya Sala, na nyuma ya majirani. Mwenye kuhama siku hizi aghlabu huigeuza dua hii miguu juu: hutanguliza matunda, na watu akawaweka mwisho.

Maji yalipotoka Zamzam, likapita kabila la Jurhum, wakaona ndege anazunguka angani wakajua kuwa hapakosi maji. Wakaja wakamkuta mwanamke peke yake na kitoto chake. Wangeweza kumnyang'anya. Hawakufanya hivyo, walimtaka idhini ya kukaa karibu naye. Naye aliwaruhusu kwa sharti kwamba hawatakuwa na haki ya kuyamiliki maji, wakakubali. Na Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa jambo lile lilimwafiki mama yake Ismail, maana alikuwa akipenda kuwa na watu. Wakatuma kuwaleta wake na watoto wao, na Ismail akakulia mikononi mwao, akajifunza lugha yao, akaoa kwao.

Hapa yapo mambo mawili ambayo si mema kuyapita mbio. Bi Hajar alikuwa na kiu ya watu, lakini kiu hiyo haikumfanya ampokee kila mpita njia bila ya kumpima. Aliwapima kwa adabu yao: wenye nguvu walioomba ruhusa kwa asiye na nguvu. Na jambo la pili, aliyepima na aliyeamua alikuwa ni mama. Nabii Ibrahim hakuwapo. Mume anayetafuta nyumba peke yake, akamleta mke siku ya kuhamia kama anavyoleta kitanda na masanduku, ameacha elimu iliyo nyumbani mwake. Yeye atatoka alfajiri na kurudi magharibi. Atakayekaa katika mtaa ule mchana kutwa ni mkewe na watoto.

Mfano wake ni mtu wa mlimani aliyepata kazi Same akaona nyumba nzuri karibu na barabara kuu, akarudi kumweleza mkewe kuwa mambo yote tayari. Mke akamwambia, "Baba watoto, nyumba umeiona. Maji yanatekwa wapi?" Akasema lipo bomba jirani. "Bomba hilo ulisimama hapo asubuhi ukawaona wanaoteka?" Akasema alifika saa nane mchana. Mke akasema, "Basi niache niteremke nami, nikae hapo asubuhi moja tu. Wanawake wakigombana kwa ndoo kila siku, nitajua. Na wakimwachia bibi kizee nafasi, hilo nalo nitalijua." Mume mwenye akili hukubali. Same ulijulikana kwa kiu yake miaka mingi, mpaka yalipovutwa maji ya Nyumba ya Mungu kwa mradi mkubwa uliozinduliwa Machi 2025. Na penye kiu ndipo tabia za watu zinapojitokeza bila ya kujificha. Foleni ya ndoo ina khabari nyingi kuliko maneno ya dalali.

Wako watakaosema kwamba maswali haya yote ni upungufu wa kutawakali, na kwamba lililoandikwa litakuwa, ukae Stesheni au ukae Kisima. Jibu lao alikwisha kulitoa Sayyidna Umar (r.a.) alipogeuka njiani na jeshi lake baada ya kusikia kuwa Sham kuna tauni. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alieleza kwamba aikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Akampigia muulizaji mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye ng'ambo mbili, moja yenye majani na nyingine kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Wafugaji wa nyanda za Same hawahitaji tafsiri ya mfano huu. Hakuna mchungaji anayeipeleka mifugo penye ukavu kwa kudai kuwa anatawakali, na watoto wa mtu ni bora kuliko ng'ombe wake.

Kadhalika ardhi yenyewe itazamwe. Mwezi wa Novemba 2009, katika kijiji cha Goha, tarafa ya Mamba Miamba, mvua kubwa iliuporomosha mlima juu ya nyumba, wakafa watu zaidi ya 20, na miongoni mwao watoto. Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliokufa hawalaumiwi, kwani walikaa katika ardhi ya wazee wao. Lakini yule anayenunua kiwanja leo, akiwa na hiari, si haki ajenge chini ya mteremko uliokatwa miti, wala katika ukingo wa korongo kwa kuwa bei yake ni rahisi. Korongo la nyanda za chini huwa kavu miezi mingi hata watoto wakacheza ndani yake; kisha mvua hunyesha juu milimani, na chini jua linawaka, na maji yakaja kwa ghafula. Mgeni halijui jambo hili. Mzee wa mtaa alijua, na kumuuliza hakuna gharama.

Na barabara kuu iendayo Arusha itazamwe vilevile, kwani malori na mabasi hupita usiku na mchana, na mtoto wa miaka 7 akiwa na shule ng'ambo ya pili ataivuka mara mbili kila siku. Nyumba iliyo ndani kidogo, yenye kodi ile ile na upande ule ule wa shule, ni bora ijapokuwa haina baraza.

Sasa laja swali ambalo Waislamu hulijibu upesi mno. Je, akae penye msikiti? Msikiti wataka uwe karibu, na mwenye watoto wanaojifunza Kur'ani lazima ajue chuo ki wapi, na mwalimu wake ni nani, na anawafundisha kwa huruma au kwa fimbo tu. Aende mwenyewe akaketi nje asikilize. Mtume (s.a.w.) alipohama mwaka 622 alijenga msikiti Kuba kabla ya kuingia Madina, na alipoingia Madina, msikiti ulitangulia nyumba zake, yeye mwenyewe alikaa kwa Abu Ayyub mpaka ujenzi ulipokwisha, na kiwanja kilichokuwa cha mayatima wawili hakukubali kukitwaa bila ya kulipa. Haya yote ni kweli. Walakini watu wa Banu Salima, waliokuwa mbali, walipotaka kuhama wote wasogee msikitini, aliwaambia wabaki majumbani mwao kwani nyayo zao zinaandikwa. Kwa nini? Wamesema baadhi ya wanavyuoni kuwa hakupenda pande za Madina ziachwe tupu. Basi mtu asiuhame mtaa wenye majirani wema, waliokwisha kuwalea watoto wake, kwa ajili ya kusikia adhana kwa ukaribu zaidi. Ana miguu.

Tena si kila jirani mwema ni Muislamu, na si kila Muislamu ni jirani mwema. Hili ni zito kwa baadhi ya watu, lakini wa Upare wanalijua katika damu zao, kwani ukoo mmoja una Muislamu na Mlutheri na Msabato, na wote hukutana katika matanga ya babu yao. Kur'ani katika sura ya An-Nisaa imeamrisha wema kwa jirani aliye wa jamaa na kwa jirani aliye mgeni. Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza, tena akarudia kuuliza, kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa. Na Mtume (s.a.w.) aliletewa khabari ya mwanamke aliyekuwa akisali usiku na kufunga mchana na kutoa sadaka, ila akiwaudhi majirani kwa ulimi wake, akasema kuwa huyo ni wa Motoni. Muislamu atakayechagua kati ya jirani mwenye kanzu nyeupe na ulimi mchafu, na Msabato ambaye Jumamosi yake imetulia na watoto wake wana adabu, na amche Mungu katika kuchagua kwake. Ila asisahau kuwa watoto wataona na kuuliza, na kazi ya kuwajibu ni ya baba. Jirani mwema haiondoi kazi hiyo.

Kinachoogopwa hasa ni mtoto kuharibika mkononi mwa mtaa. Hadithi ya mtu aliyeua watu 99, kisha akatimiza 100, yajulikana na wengi, na husomwa kwa ajili ya toba. Lakini mwanachuoni yule hakumwambia atubie tu akabaki pale pale. Alimwambia atoke aende ardhi fulani yenye watu wanaomwabudu Mungu, wala asirudi katika ardhi yake kwani ni ardhi ya uovu. Alijua kuwa moyo peke yake haushindani na mtaa mzima. Ikiwa mtu mzima aliyekwisha kujuta ameambiwa ahame, itakuwaje kwa kijana wa miaka 13 anayepita kila jioni mbele ya kilabu cha pombe, penye meza ya kamari, na wakubwa wanaomwita kwa jina? Baba huenda akamlaumu mtoto na kumpiga, naye ndiye aliyelipa kodi ya miezi sita katika mtaa ule.

Njia ya kuujua mtaa ni nyepesi. Afike mara ya kwanza wakati wa alfajiri, aone nani anaamka na nani ndiyo kwanza anarudi. Afike tena baada ya Isha, kwani mtaa wa mchana na mtaa wa usiku huwa mitaa miwili. Amsalimie mjumbe au mwenyekiti, amuulize kwa upole kama yapo mashitaka ya wizi. Anunue kitu katika duka la pembeni, hata kiberiti, aketi kidogo. Mwenye duka hujua nani hulipa deni na nani humpiga mkewe. Asitosheke na mlango mmoja, maana wamepokewa wakubwa waliosema kuwa ujirani hufika nyumba 40 kila upande. Kisha asali rakaa mbili za istikhara, ashauriane na mkewe, ndipo atoe fedha.

Na akiisha kuhamia, asingoje kuletewa. Bibi Aisha (r.a.) aliuliza, akiwa na majirani wawili ampe yupi zawadi, akaambiwa ampe yule ambaye mlango wake u karibu zaidi. Abu Dharr aliusiwa kwamba akipika mchuzi aongeze maji yake awape majirani. Mtu wa mlimani aliyeteremka na ndizi na tangawizi ana kitu cha kuanzia.

Amebaki mtu mmoja, naye ndiye aliye wengi: yule asiye na hiari. Mshahara wake wamtosha chumba kimoja tu, na chumba hicho kimepakana na mwenye maudhi. Huyu hakuharamishiwa kutafuta kwingine, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alijikinga kwa Mungu na jirani mbaya katika makao ya kudumu, akieleza kuwa jirani wa jangwani huhama. Lakini maadam hajapata pa kwenda, na asubiri bila ya kujibu maudhi kwa maudhi, na jambo lake alitoe nje kwa watu wa mtaa, asilifiche mpaka limle moyo. Kwani alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) kumshitaki jirani yake, akaambiwa asubiri. Akaja tena mara mbili au tatu. Ndipo akaamrishwa aende akavitupe vyombo vyake njiani. Akavitoa nje, akaketi navyo, na kila apitaye akamuuliza ana nini, naye akawaeleza. Wakawa wanamlaani yule jirani mmoja baada ya mmoja. Khabari ikamfikia yule jirani. Akatoka mbio, akamwambia arudi ndani, wallahi hataona tena kwake jambo la kumchukiza.